Msaada: HP ya zamani imegoma kuwaka baada ya kuweka kadi ya grafiki, niko Kigoma

MamaStudio_Mwanga

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, kazi za watu zimekwama mezani.

Nina HP Compaq 8200 Elite, ile yenye keisi kubwa ya kusimama, prosesa i5-2400, RAM GB 16. Niliinunua mtumba na haijawahi kunisumbua: harusi, mahafali, na zaidi sana video za kwaya za hapa Kigoma na Ujiji. Kilichokuwa kinanikwamisha ni grafiki ya ndani ya prosesa. DaVinci Resolve, programu ninayohariria video, haiitaki kabisa, na mimi kusahihisha rangi ndiko kunakonipa wateja. Sare za kwaya zikitoka na rangi nyingine kwenye video, kila mwimbaji analiona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Nikaagiza Kariakoo kadi ya grafiki, GTX 1050 Ti ya GB 4, iliyotumika, ikaja kwa basi. Ina feni mbili, na ubavuni ina tundu la umeme la pini 6. Pawa saplai yangu haina waya wa namna hiyo, ila muuzaji aliniwekea adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya hadidiski. Nikafunga kila kitu, nikabonyeza kitufe. Feni zinazunguka kidogo zinazima, taa ya kitufe inakuwa nyekundu na kupepesa, inapiga bip, skrini nyeusi. Nikiitoa kadi, mashine inawaka kama kawaida kupitia VGA ya nyuma, lile tundu la skrini la mashine yenyewe.

Muuzaji anasema aliijaribu na ilikuwa nzima. Fundi wa hapa anasema mazabodi hii haipokei kadi kubwa, nitafute kompyuta nyingine. Kwaya inasubiri video ya uzinduzi. Nianzie wapi?

Mchikichi

Pole sana dada. Mara nyingi hiyo huwa ni RAM imelegea ulipokuwa unachomeka kadi. Zitoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka zibane pande zote mbili.

FundiGungu

Mchikichi, RAM ingekuwa na shida mashine isingewaka vizuri kadi ikitolewa. Tusimchoshe dada wa watu.

Dada, HP za kizazi hicho zinakwambia zenyewe zinaumwa wapi. Rudisha kadi, washa, kisha hesabu taa nyekundu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika. Inapepesa mara moja kila sekunde, inatulia sekunde mbili, inaanza upya. Mlio utanyamaza baada ya mizunguko mitano lakini taa itaendelea, kwa hiyo usiwe na haraka. Mara mbili ni joto la prosesa. Mara 4 ni umeme, pawa saplai imezidiwa. Mara 5 ni RAM. Mara 6 ni grafiki. Mara 7 ni mazabodi yenyewe. Tuletee namba hiyo, ndipo tuongee. HP za miaka ya karibuni zina mpangilio mwingine wa taa, kwa hiyo mtu mwenye mashine mpya asiichukue orodha hii.

Na hiyo adapta ya SATA iondoe leo hii, hata kabla ya kujua tatizo.

MamaStudio_Mwanga

Asante sana FundiGungu. Nimehesabu kwa utulivu: ni mara 4. Adapta nimeitoa, ila naomba kuelewa, ina ubaya gani? Plagi imeingia vizuri tu.

Mzee_wa_Ampea

Binti, ngoja nikueleze kwa hesabu, kwa sababu adapta hizi zimeshaunguza mashine za watu na bado zinauzwa kila duka.

Sloti ambayo kadi imekaa inatoa wati 75, haizidi hapo. Kadi isiyo na tundu la ziada inaishi ndani ya hizo. GTX 1050 Ti nyingi ziko hivyo, hazina tundu. Yako imetengenezwa kwa kuongezewa mwendo, ndiyo maana wameiwekea pini 6, ambazo kwa viwango ni wati 75 nyingine. Sasa tazama plagi ya SATA. Ina pini tatu za volti 12, kila pini imeruhusiwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, mara volti 12, unapata wati 54. Upande mmoja wa adapta unaruhusiwa kuomba 75, upande wa pili unaruhusiwa kutoa 54. Kadi ikifanya kazi nzito saa nzima, kwenye plagi ile ya plastiki ndipo joto linapojikusanya. Inalainika, inakuwa ya kahawia, mwishowe inaungua, na hadidiski yenye kazi za watu imefungwa kwenye mnyororo huohuo wa waya.

Nenda kwenye pawa saplai, soma kibandiko chake, utuandikie jumla ya wati na ampea za volti 12. Prosesa yako imekadiriwa wati 95. Ongeza kadi, hadidiski na feni. Hapo tutajua kama imezidiwa kweli au imechoka.

MamaStudio_Mwanga

Shikamoo mzee. Kibandiko kinasema jumla wati 320. Za volti 12 zimegawanywa kwenye mistari, maandishi mengine yamefutika. Plagi kubwa ya mazabodi nimehesabu pini 24. Meno ya adapta nimeyamulika kwa tochi, pini moja plastiki yake imeanza kubadilika rangi.

Mzee_wa_Ampea

Marahaba binti. Hiyo adapta itupe, usimpe mtu.

Kwa karatasi, wati 320 zinatosha. Lakini mashine hizo ni za mwaka 2011, na ndani ya pawa saplai kuna kapasita ambazo hukauka taratibu kwa joto na vumbi. Pawa saplai ya umri huo inaweza kubeba mashine tupu miaka mingine, halafu siku unapoiongezea mzigo wa ghafla inajizima ili isiharibu kitu. Taa 4 zinasema hivyohivyo.

Umefanya vizuri kuhesabu pini 24, maana hapo una bahati. Ingekuwa Dell OptiPlex 9020, mazabodi yake ina plagi ya pini 8 ya kwao wenyewe, na pawa saplai ya kawaida haiingii bila kipande cha kuunganishia.

Usinunue bado. Tafuta mtu mwenye pawa saplai nzuri ya wati 450 au 500 yenye waya wake halisi wa pini 6, uijaribu ikiwa mezani pembeni ya keisi. Hakuna haja ya kuifunga skrubu. Chomeka plagi ya pini 24, plagi ndogo ya prosesa, hadidiski, kadi. Kabla ya kugusa chochote chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kidogo umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma cha keisi.

Ujiji_Kwetu

Dada, niko Ujiji. Ninayo ya wati 500, nilifungua kwenye mashine ya ofisi iliyokufa mazabodi. Nimekutumia ujumbe, njoo nayo tuijaribu.

Tabora_IT

Swali dogo wakati mnasubiri majibu: skrini unaiunganisha vipi? GTX za mfululizo wa 10 hazitoi VGA kabisa, hata ile DVI yake ni ya dijitali tupu. Kile kipande cha bei rahisi cha kugeuza DVI kuwa VGA hakitafanya kitu hapo. Kama skrini yako ni ya VGA, unahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye saketi ndani. Na waya uchomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Hapa Tabora nimeletewa kompyuta nzima zikiitwa mbovu kumbe waya umebaki kwenye tundu la zamani.

MamaStudio_Mwanga

Asante Tabora_IT. Skrini yangu ni ya VGA, ila kwa majaribio nitatumia televisheni ya sebuleni yenye HDMI.

MamaStudio_Mwanga

Wakuu, narudi kutoka Ujiji. Ujiji_Kwetu Mungu akubariki, na mama watoto wako mwambie asante kwa migebuka.

Kwa pawa saplai yake mashine haikuzima tena. Feni za kadi zinazunguka, televisheni imewashwa kwenye HDMI. Lakini bado giza, na taa nyekundu imerudi. Safari hii inapepesa mara 6. Sasa kadi ndiyo mbovu?

FundiGungu

Usiihukumu kadi bado. Hiyo ni hatua kubwa. Umeme umepita, na kilichobaki ni mashine kutoitambua grafiki. Kuna mambo mawili. La kwanza, kadi haijakaa: ina feni mbili, ni nzito, inainama upande wa nyuma. Ilaze keisi ubavuni, itoe, safisha meno, ibonyeze mpaka kilatchi cha sloti kilie, na skrubu ya nyuma uifunge.

La pili, na mimi ndilo ninaloliona zaidi kwenye HP hizi, ni BIOS ya zamani, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine. Mashine ni ya 2011, kadi yako ni ya 2016. BIOS iliyoandikwa kabla haijawahi kusikia kadi ya namna hiyo inaweza kukwama palepale mwanzoni. HP walitoa matoleo mengi ya BIOS kwa 8200. Toa kadi, washa kwa VGA ya nyuma, ingia F10 utazame tarehe ya BIOS.

MamaStudio_Mwanga

Kuikandamiza kadi hakujabadilisha kitu. BIOS ni ya mwaka 2011, haijawahi kuguswa.

FundiGungu

Basi tumefika. Chukua BIOS ya mwisho kwenye tovuti ya HP yenyewe, kwa jina kamili la mashine yako, usichukue kwenye tovuti za kupakulia za watu. Iweke kwenye flashi, uipandishe kadi ikiwa nje.

Jambo moja nakuomba kama ndugu: usifanye bila UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Umeme wetu unajulikana. Ukikatika katikati ya kuandika BIOS, mazabodi iliyo nzima inaweza isiamke tena, na hapo ndipo maneno ya yule fundi yatakuwa kweli. Ukimaliza, rudisha mipangilio ya kiwandani kwenye F10, hifadhi, zima, ndipo urudishe kadi.

Mchikichi

Na betri ya BIOS, ile bapa ya CR2032, badilisha kabisa ukiwa umefungua. Kwa mashine ya umri huo itakuwa imekwisha, na kila umeme ukikatika itapoteza saa na mipangilio.

MamaStudio_Mwanga

IMEWAKA! Nimeazima UPS ya jirani mwenye steshenari, BIOS imepanda bila shida, nikabadilisha na betri. Nimerudisha kadi, taa ya bluu, nembo ya HP kwenye televisheni. Nimekaa nikaiangalia tu.

Ujiji_Kwetu amekubali kuniuzia pawa saplai. Resolve imefunguka, na wimbo wa kwanza wa kwaya nimeshaupaka rangi. Zile sare za zambarau zimetoka zambarau.

Maswali mawili ya mwisho: draiva, ile programu ya kuendeshea kadi, niweke ipi? Na UPS yangu mwenyewe, ya VA 650 itatosha?

Tabora_IT

Hongera sana dada. Draiva: kadi yako ni ya kizazi cha Pascal, na tawi la 580 ndilo la mwisho la Nvidia kwa kizazi hicho. Yanayokuja baada yake hayaitambui, kwa hiyo usiruhusu ikusukumie jipya. Na kama uko Windows 10, masasisho ya kawaida yaliisha Oktoba 14, 2025, wala prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Weka nakala za kazi za wateja kwenye diski ya nje, na mashine ya kuhariria usiitumie kufungua kila flashi inayoletwa na wageni.

Mzee_wa_Ampea

VA 650 kwa UPS nyingi za dukani ni kama wati 360 hadi 390, isome ubavuni kabla hujalipa. Mashine yako ikifanya kazi kwa nguvu zote itakula kama wati 200 na kidogo, skrini ongeza 25. Itakubeba dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Chomeka humo mashine na skrini tu. Spika, televisheni na printa zichomeke ukutani.