Mrejesho: Jirani na mbwa wake kwenye nyasi zangu

Habari wadau. Niliwauliza nifanyeje na jirani yangu hapa Columbus, Ohio, ambaye mbwa wake alikuwa akijisaidia kwenye nyasi za mbele ya nyumba, watoto wanakocheza. Wengi mlisema nimfuate kwa upole kabla ya kuweka kibao. Nimemfuata, na nawashukuru sana.

Kinyesi huwa anaokota; shida ilikuwa mkojo. Hakujua kwamba una naitrojeni nyingi inayounguza nyasi, ndiyo maana nilikuwa na mabaka ya njano. Sasa anafupisha kamba akifika kwangu, na mbwa anasubiri ule ukanda wa nyasi ulio kati ya njia ya miguu na barabara. Naufyeka mimi, lakini kwa kawaida ni eneo la umma, kwa hiyo sina neno. Ikitokea bahati mbaya, namwaga maji mengi papo hapo.

Kinyesi kilichoachwa ndicho siwezi kukivumilia: mayai ya minyoo hukaa udongoni hata miaka. Jimbo la New York lilianza kulazimisha wenye mbwa katika miji yake mikubwa kuokota mwaka 1978, na ni haki kabisa. Mwenye mbwa mwingine mtaani bado anakiacha. Kesho jioni napiga hodi kwake.