Tupeane uzoefu: Tovuti yako binafsi badala ya kutegemea mitandao ya kijamii

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye tovuti zao binafsi na wanaowatunzia wengine. Mtu anayeweka mashairi, makala, picha au bei za kazi yake Facebook na Instagram anastahili kuwa na mahali pake. Akaunti ikifungwa leo, kila alichoandika kimeondoka nayo. Wala tovuti ya bure peke yake siyo kinga: GeoCities, huduma ya kurasa za bure, ilipofungwa mwaka 2009, kurasa za watu wengi mno zilizimika pamoja nayo. Kwa hiyo msingi ni mambo mawili. Anwani iwe yako, na nakala ya faili zote ikae kwako. Ukivipata hivyo, mwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti yako) unaweza kumhama siku yoyote. Leteni undani: hatua, gharama, na panapoharibika.

kibatari
Naanza na domeni, yaani jina la anwani ya tovuti. Ya .com kwa kawaida ni dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Tazama bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ya kwanza mara nyingi ni chambo. Tanzania kuna .co.tz na .me.tz, Kenya kuna .co.ke na .me.ke, na wauzaji wa ndani hupokea malipo kwa simu.

Sajili kwa jina lako na barua pepe yako, siyo za fundi. Hapo ndipo domeni nyingi zinapopotea: notisi za kulipia zinaenda kwa fundi, na fundi hapatikani. Halafu barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeni hiyohiyo. Domeni ikiisha muda, barua pepe inakufa nayo, na kiungo cha kubadili nywila hakikufikii tena. Domeni ya .com ikishafika hatua ya ukombozi (imeondolewa kwa kutolipiwa, lakini bado unaweza kuirudisha) una siku 30, na gharama ya kuikomboa huwa kubwa kuliko ada ya mwaka mzima.

fundi_seva
Mkuu kibatari kamaliza. Naongezea mahali pa kuiweka. Kwa tovuti ya maandishi na picha chache huhitaji kulipia seva. Fungua akaunti GitHub, huduma ya kuhifadhi faili za miradi, tengeneza repo (folda ya mradi) yenye jina *jinalako.github.io*, *jinalako* likiwa jina la akaunti yako, pakia faili *index.html*, ndiyo ukurasa wa mwanzo. Herufi ndogo zote, ukiandika *Index.html* ukurasa hautafunguka. Ukomo ni GB 1 kwa tovuti nzima na GB 100 za kupakuliwa kwa mwezi, na kwa mwandishi mmoja hizo ni nyingi sana. Kumbuka kwamba kwenye akaunti ya bure repo ya tovuti lazima iwe wazi kwa kila mtu, kwa hiyo usihifadhi humo nyaraka zako nyingine.

Kuunganisha domeni: nenda kwa muuzaji, sehemu ya DNS (inayoielekeza domeni kwenye seva), weka rekodi nne za A, yaani namba za seva: 185.199.108.153, kisha zile zinazofanana nayo zenye 109, 110 na 111 mahali pa 108. Weka na CNAME (rekodi ya kuelekeza jina kwenye jina jingine) ya *www* inayoelekea *jinalako.github.io*. Rudi GitHub, Settings, Pages, uandike domeni yako.

Kosa linalosumbua watu ni kuacha rekodi ya A ya zamani ambayo muuzaji aliiweka kwa ajili ya ukurasa wake wa matangazo. Matokeo yake msomaji mmoja anaona tovuti yako, mwingine anaona tangazo, na wewe kwako iko sawa. Ifute. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24. Kisanduku cha *Enforce HTTPS* kikiwa hakibonyezeki, cheti cha usalama wa tovuti hakijatoka, subiri. Cheti hicho hakina malipo.

Karafuu
Wanaoandika Kiswahili, hili ni lenu. Juu kabisa ya kila ukurasa weka:

`<html lang="sw">`
`<meta charset="utf-8">`
`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Ukikosa mstari wa pili, kibainishi kilichopinda (’) ambacho programu nyingi za kuandikia hukiweka zenyewe kinaweza kuvurugika, na *ng’ombe* akasomeka *ngâ€™ombe*. Mstari wa kwanza huzisaidia programu za kuwasomea wasioona kujua lugha ni ipi. Wa tatu ukikosekana, kwenye simu maandishi yanakuwa madogo kama ya hirizi.

Majina ya faili yasiwe na nafasi wala kibainishi. *Picha.JPG* na *picha.jpg* kwenye Windows ni kitu kimoja, kwenye seva ni vitu viwili. Ndiyo maana picha inaonekana nyumbani na haionekani hewani.

lenzi
Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Ipunguze upana uwe pikseli 1200, ihifadhi kama WebP (aina ya faili jepesi la picha) kwa ubora wa 75, na mara nyingi inashuka chini ya KB 200. Msomaji wako analipia bando, tumhurumie. Kabla ya kupakia, futa taarifa za mahali ndani ya picha. Iliyopigwa nyumbani na GPS imewashwa inabeba ramani ya mlango wako.

mgeni_njiani
Wakuu, yote sawa, lakini wasomaji watatoka wapi?

Karafuu
Kule kule walipo. Andika kwenye tovuti kwanza, kisha tupa kiungo kwenye Status na magrupu ya WhatsApp. Ili kiungo kije na picha, weka juu ya ukurasa lebo za *og:title* (kichwa), *og:description* (maelezo) na *og:image* (picha) ya pikseli 1200 kwa 630. Anwani ya picha iwe kamili kuanzia *https*, na faili liwe jepesi, chini ya KB 300. Ukibadilisha picha na WhatsApp inang'ang'ania ya zamani, ongeza *?v=2* mwishoni mwa kiungo. Wekeni na RSS pia, faili linalowapa wasomaji orodha ya makala zenu mpya. Alama ya “na” (ampersand) ndani yake ifuatwe papo hapo na *amp;*, vinginevyo faili zima linakataa kusomeka.

kibatari
Mlio Tanzania, kama mnakusudia kuandika habari na matukio, someni kwanza Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 pamoja na marekebisho yake.

mgeni_njiani
Na machapisho yangu ya zamani ya Facebook?

fundi_seva
Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kupakua taarifa zako. Chagua HTML (faili linalofunguka kama ukurasa wa tovuti), ubora wa picha uwe wa juu, na tarehe ziwe za tangu mwanzo, maana muda unaokuja umechaguliwa tayari unaweza kuwa mfupi. Faili likiwa tayari utapata taarifa. Lipakue upesi, kiungo hicho hudumu siku chache tu.