Mrejesho: Nilivyotakiwa nivue hijabu mapokezi

Habarini wakuu. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu meneja aliyetaka nivue hijabu au nihamie stoo. Nilimwandikia barua afisa utumishi, nikataja kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachokataza ubaguzi wa dini. Kimya. Nikaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) kujaza fomu, maana mwisho wa kulalamika ni siku 60 (aliyefukuzwa ana 30 tu, msizembee). Wito ulipofika ofisini, ghafla kila mtu akawa mpole! Kwenye usuluhishi wamekubali kwa maandishi nirudi mapokezi na hijabu yangu. Meneja hanisalimii, shauri yake. Uliyenishauri nitunze meseji zake za WhatsApp, ubarikiwe, ndizo zilizombana.