Seva ndogo ya tawini au ruta yenye VPN: kipi kinafaa kwa ofisi ya Urambo?

Asali ya Miombo
Salamu kwenu nyote. Ofisi yetu ndogo iliyopo Urambo imekuwa ikisumbuka kwa sababu watumishi hukataliwa wanapoingia kwenye kompyuta asubuhi, ingawa manenosiri yao ni yale yale ya siku zote. Fedha tuliyoidhinishiwa inatosha jambo moja tu: ama seva ndogo ya kuhakiki manenosiri itakayokaa hapa hapa tawini, ama ruta nzuri itakayoshika VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) ya kudumu hadi makao makuu Dar es Salaam. Natakiwa kupeleka karatasi za manunuzi Ijumaa. Naomba ushauri.

Fundi wa Isevya
Ndugu, umeomba dawa bila kutaja ugonjwa. Mko watumishi wangapi, na kompyuta ngapi? Wanakataliwa wote au baadhi? Ujumbe unaotokea unasema nenosiri si sahihi, au unasema hakuna seva ya kuingilia inayopatikana? Hizo ni habari mbili tofauti. Na anwani ya DNS, yaani huduma inayozitafutia kompyuta seva kwa jina lake, ambayo ruta yenu inazigawia ni ipi?

Mwana wa Ujiji
Mimi ningechukua ruta bila kufikiri mara mbili. Seva inataka ulinzi, ubaridi na mtu wa kuitazama, na ofisi ya watu wachache haina hata kimoja kati ya hivyo.

Mama Chumvi
Namuunga mkono mwenzangu wa Ujiji, na sababu yangu niliilipia. Tawi letu la Uvinza lilinunuliwa seva ya domeni (inayohakiki wanaoingia kwenye mtandao wa ofisi) ya aina ile ya kusoma tu, isiyobadilisha akaunti, kwa maelezo kwamba laini ikikatika watu wataendelea kuingia kama kawaida. Tuliiweka stoo, tukaifungia mlango, tukashukuru. Laini ilipokatika siku tatu mfululizo mwishoni mwa mwezi, wakati wa kuandaa malipo, hakuna aliyeingia kupitia seva ile, nami nilishinda nikipanda na kushuka ngazi na simu sikioni. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba seva ya namna hiyo, ikitoka kiwandani, haihifadhi nenosiri la mtumishi yeyote mpaka msimamizi wa makao makuu aruhusu, na kwamba ni lazima aruhusu akaunti ya mtumishi pamoja na akaunti ya kompyuta anayoitumia. Aliyetuuzia hakulitaja hilo hata kidogo.

Fundi wa Isevya
Pole sana, mama. Hata hivyo, hapo seva haina kosa. Kosa ni la aliyeifunga.

Mama Chumvi
Mwanangu, mishahara iliyochelewa haikuuliza kosa ni la nani.

Asali ya Miombo
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Tuko watumishi 13 tunaopokezana kompyuta 4. Wanaokataliwa ni baadhi, nao hubadilika. Hutokea zaidi umeme ukiwa umekatika usiku.

Fundi wa Isevya
Hapo pana jambo. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukumbuka watumiaji 10 wa mwisho katika kila kompyuta, na hao ndio wanaoweza kuingia wakati makao makuu hayapatikani. Ninyi 13 mkizunguka kwenye mashine zile zile, daima kuna watatu waliosukumwa nje, na ndiyo maana sura zinabadilika. Idadi hiyo inaweza kuongezwa hadi 50 bila kununua kitu chochote.

Mwana wa Ujiji
Kuongeza idadi hiyo ni kuacha kumbukumbu za manenosiri ya ofisi nzima ndani ya kompyuta ambayo mwizi anaweza kuibeba kwa baiskeli. Halafu umeisahau saa. Betri ndogo ya CR2032 inayoitunza saa ya kompyuta ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma, wakati Kerberos, utaratibu wa kuhakiki wanaoingia kwenye domeni, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Watazame saa kwanza.

Fundi wa Isevya
Saa ingekuwa ndiyo sababu, mashine ingemkataa kila anayeigusa, isingechagua watu. Mimi naishuku zaidi ruta: huenda umeme ukirudi inasahau mpangilio wake na kugawa DNS ya hadharani, kama 8.8.8.8, ambayo haiwezi kulijua jina la domeni yenu ya ndani. Intaneti itafunguka vizuri kabisa, na seva ya kuingilia haitaonekana.

Mama Chumvi
Basi wanunue UPS, mjadala uishe.

Mwana wa Ujiji
UPS ya bei ndogo haivuki usiku mzima, mama. Labda betri ya sola.

Asali ya Miombo
Nimekagua. Kompyuta moja ilikuwa nyuma kwa dakika 40. Tatu zilizobaki saa zake ni sahihi, na jana mbili kati ya hizo zilimkataa mhasibu. Ujumbe sikuuandika, na yeye anakumbuka tu kwamba ulikuwa mrefu. Mkuu wa ofisi anaelekea kwenye seva, kwa kuwa anasema ni kitu kinachoonekana.

Fundi wa Isevya
Ndugu, DNS bado hujaitaja.