Ami na magogo yake

Rayya: Asalaam aleykum ukoo. Jamani mwambieni Ami aache shoka, tokea alasiri yuko uani nshamwita mara tatu haitiki

Hamadi: Waaleykum salaam. Ule mwembe uloanguka na mvua?

Rayya: Ndo huo. Jana kaja kijana wa msumeno wa moto kakata pingili zote, leo mzee anazipasua moja moja, na presha ile

Ami: Presha imepimwa Ijumaa iko sawa. Niacheni

Hamadi: 😂😂 kumbe simu unayo

Ami: Nimekaa juu ya gogo napumzika. Sasa skizeni maana mwajua kunisema tu, mie nimefundisha miaka 31 kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki, lakini nikishika shoka kinanyamaa chote, unalitazama gogo pale kati kwenye moyo wa mti unaona vijiufa vimetawanyika kama kucha za kuku, unafata ufa hupigi fundo, likiingia sawasawa utaskia pwa! limeachana pande mbili na ile harufu yake, wallahi hapo hata deni la duka nalisahau

Hamadi: Deni usilisahau Ami mwenye duka mie 😂

Bi Mkubwa: Hizo mbichi msiniletee, zikae uchagani mpaka zikauke, moshi wa mwembe mbichi umenitoa machozi mwaka mzima. Pilau la khitma nataka kuni za mvinje

Suleiman: Mie huku Mjini napikia gesi sina hadithi. Ila Ami ule msumeno ungeuonja, siku ile Konde nilipewa nikate gogo la mfenesi, kwanza yule bwana kaupiga tupa kila jino polepole kama anakata kucha za mtoto, kachanganya oili mililita 20 kwa lita ya petroli, kavuta kamba mara mbili ukawaka. Makelele yale lakini ndani mwako kimya, hufikirii kitu, unaona unga wa manjano unamwagika miguuni tu. Ukiwa na meno makali hubonyezi, unashuka wenyewe

Rayya: Na ukikurukia usoni?

Suleiman: Ndo hatari yake, ile ncha ya mbele isiguse gogo jengine, inakurudia kabla hujasema bismillahi. Nliushika mikono miwili

Hamadi: Ami kibali lakini ulichukua?

Ami: Nilikwenda kwa sheha, na watu wa misitu wakaja kutazama. Mti umeanguka wenyewe lakini msumeno wa moto ukilia kijiji kizima kinaskia, sitaki maneno

Rayya: Haya umebakisha mangapi

Ami: Moja. Lina fundo kubwa, shoka limenasa humo. Hamadi ile kabari ya chuma iko wapi

Hamadi: Iko dukani inazuilia mlango

Ami: Ilete

Bi Mkubwa: Haleti mtu kitu, magharibi hiyo inaadhiniwa. Rayya mtilie maji ndooni akoge, shoka lilale hapo hapo

Ami: Nalipiga moja tu

Rayya: Jamani simu kaiacha juu ya gogo 🙆🏾‍♀️

Hamadi: Naja na kabari