Mjadala: Leseni za programu huria zinapogongana, nani abebe mzigo?

MLETA MADA

Wadau, suala la leseni za programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadili na kuzisambaza, tumeliachia wanasheria kwa muda mrefu, ilhali zinapogongana wanaoumia ni watumiaji na wachangiaji wa kawaida. Miradi miwili ikifanya kazi ileile chini ya leseni zisizoruhusu msimbo wao, yaani maandishi yanayounda programu, kuchanganywa, ni nani anayepaswa kulegeza? Msimamo wangu ni kwamba mzigo ni wa yule anayebadili leseni ya kazi ambayo tayari ina watu ndani yake, na ninautetea kwa kisa cha OpenOffice na LibreOffice, programu mbili za ofisi za kuandikia nyaraka na kupigia hesabu.

Kisa hiki kinatugusa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu hiyo ikizungumza Kiswahili, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu leseni ya LGPL, inayoruhusu yeyote kubadili programu mradi maboresho anayoyasambaza yabaki wazi vilevile, haikumlazimu mfasiri kubisha hodi kwa mwenye mali. Mwanzoni mwa 2010 Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, iliyokuwa ikimiliki OpenOffice. Septemba mwaka huo wachangiaji wengi walijitenga, wakaunda The Document Foundation na kuanzisha LibreOffice kwa leseni ileile waliyoirithi. Juni 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, ambayo hutoa kazi zake kwa leseni ya Apache isiyodai maboresho yawekwe wazi, na kuanzia hapo msimbo ukawa unapita upande mmoja tu: LibreOffice inaweza kuchukua cha OpenOffice, lakini OpenOffice haiwezi kuingiza cha LibreOffice mpaka mwandishi mwenyewe atoe ruhusa ya ziada.

Aprili 2015 ilitangazwa kasoro ya usalama katika sehemu inayosoma nyaraka za Kikorea za aina ya HWP. LibreOffice ilikuwa na toleo lililorekebishwa. Watumiaji wa OpenOffice walishauriwa kufuta kwa mkono faili la programu linalohusika, wakasubiri toleo la 4.1.2 hadi Oktoba.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ninamheshimu mleta mada, ila hapo kwenye HWP amemtwika leseni kosa lisilo lake. Kasoro ile ingeweza kuzibwa bila kuazima hata mstari mmoja kwa jirani; kilichopungua ni mikono ya kuandaa toleo, na ndiyo maana Septemba 2016 wahusika wa OpenOffice wenyewe walijadili hadharani namna ya kuufunga mradi endapo italazimu.

Kuhusu leseni, Apache inatoa kazi yake kwa masharti machache sana. Anayetoa hivyo hawezi kulaumiwa kwamba amefunga mlango. Mchangiaji wa LibreOffice hutangaza kwa sentensi moja ya baruapepe kwamba kazi yake yote, iliyopita na ijayo, inatolewa kwa LGPL na MPL, leseni ya Mozilla ambayo nayo hutaka maboresho ya faili zake yabaki wazi. Sentensi hiyohiyo ingeongezewa leseni ya tatu, yaani ya Apache, msimbo ungepita pande zote mbili. Hawakutaka, na ni haki yao, lakini wasiseme wamezuiwa.

MCHANGIAJI WA PILI

Hawakutaka kwa sababu nzito. IBM ilikuwa ikitoa Lotus Symphony, programu iliyofungwa, yaani isiyoonyesha msimbo wake, iliyojengwa juu ya msimbo wa OpenOffice. Mtu aliyejitolea usiku baada ya kazi zake ana haki ya kusema kwamba atakayeboresha alichoandika, naye ayaweke maboresho hayo wazi. Sharti hilo ndilo ujira wake pekee.

Tena LibreOffice ilijitahidi kusogea. Ilijenga upya msimbo wake juu ya ule uliotolewa na Apache ili iweze kutumia MPL toleo la 2.0. Fungua faili la zamani la msimbo wake uone: juu kuna tangazo la MPL, na chini yake tangazo la pili linalokiri kwamba ndani yake mna kazi iliyopewa leseni na Apache.

Mimi mwenyewe niliwahi kushiriki kuunganisha faharasa mbili za istilahi za Kiswahili, moja ikiruhusu matumizi yoyote, nyingine ikikataza biashara. Ilitubidi kumwandikia kila mchangiaji. Baadhi ya anwani zilikuwa zimekufa, na maneno ya watu wale, mengine mazuri mno, tuliyaacha nje.

MLETA MADA

Kuhusu HWP nimekosolewa kwa haki, na ninaiondoa hoja hiyo. Lakini sikubali kwamba aliyetoa kwa masharti machache hana lawama kabisa, kwa sababu Oracle ilipochagua pa kuikabidhi OpenOffice, LibreOffice ilikuwa imeshafanya kazi kwa miezi minane, na ilijulikana wazi ilikuwa ikitumia leseni gani.

Mfano wa faharasa umenigusa zaidi, maana unaonyesha kwamba ruhusa huombwa kirahisi mtu anapochangia, na kwa taabu kubwa baadaye. Basi niwaulize watakaofuata: tafsiri za Kiswahili tunazozifanya leo, tuzitoe kwa leseni mbili kwa pamoja, Apache na MPL, ili kila mradi uweze kuzichukua, hata kama kampuni fulani itazifungia ndani ya bidhaa yake? Mimi ningezitoa, na ningeandika hivyo juu ya faili siku ya kwanza.