Tupeane uzoefu: ukaguzi wa abiria uwanja wa ndege bila kudhalilishana

Wadau, habari zenu. Kazi yangu ni ukaguzi wa abiria uwanja wa ndege. Ninachokiona kila zamu ni hiki: abiria akielekezwa mapema na kwa adabu, foleni inatembea na sisi tunapata utulivu wa kumtazama vizuri. Akikaripiwa anachanganyikiwa, anasahau simu mfukoni, mlango wa kutambua chuma unalia, tunaanza upya. Sitaki ukaguzi ulegezwe hata kidogo. Abiria na wafanyakazi wenzangu, leteni yaliyowakuta.

Mama Mdogo
Nilisafiri na mtoto anayenyonya chupa. Mkaguzi akataka kuyatupa maziwa, eti yamezidi kikomo cha vimiminika cha mililita 100. Nikamwambia kwa upole kwamba chakula cha mtoto cha kutosha safari kinaruhusiwa, ila hukaguliwa peke yake. Hakunisikiliza, mtoto analia, watu nyuma wananuna. Nikaomba msimamizi. Akaja, akaomba radhi, akaipima chupa, tukapita. Sheria ilikuwa upande wangu muda wote, lakini aliyesimama mbele yangu hakuwa ameielewa.

Nyonga ya Chuma
Mimi nina chuma mwilini baada ya upasuaji, kwa hiyo mlango lazima ulie. Kuna uwanja niliulizwa kwa sauti kubwa, "Mama, umeficha nini?" Foleni nzima ikanigeukia. Niliumia sana. Kwingine dada mmoja aliniuliza kama ningependa chumba cha faragha, akamwita mwenzake wa kike awe shahidi, kisha kila alipotaka kunigusa akasema kwanza: "Sasa napitisha mkono mgongoni." Alinipekua kwa makini kuliko yule wa kwanza, nami nikamshukuru.

Mkufunzi Mstaafu
Niongeze la upande wa ndani. Kutazama eksirei kunachosha macho, ndiyo maana Ulaya kanuni inataka mtu asikae kwenye skrini zaidi ya dakika 20 mfululizo. Pia mashine humtupia mkaguzi picha bandia za silaha kati ya mabegi halisi, kupima kama yuko macho. Mkubwa wa zamu anayebana mapumziko ili foleni iishe anaharibu vyote viwili, ulinzi na lugha ya mfanyakazi kwa abiria.

Na tuwaeleze watu sababu. Viatu vilianza kutiliwa mkazo baada ya Desemba 2001, mtu alipojaribu kulipua ndege kwa kilipuzi kilichofichwa kiatuni. Kikomo cha vimiminika ni baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006. Sentensi moja ya namna hiyo hupoza hasira nyingi.

Kimya Kimya
Mimi sisikii. Mkaguzi anarudia maneno huku akipandisha sauti, kumbe angeonyesha kwa mkono ningeelewa mara moja. Viwanja vingi sasa vinatambua utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanza kutumika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016, kwa wenye ulemavu usioonekana. Nikiuvaa, wengi hunitazama usoni wanapozungumza nami. Haunipunguzii ukaguzi, na sijawahi kuomba upunguzwe.

Mwanzisha mada
Asanteni. Mama Mdogo, pole sana. Hilo la maziwa nalipeleka kwenye kikao cha zamu.

Mkufunzi, nakubaliana nawe, na foleni yenyewe ni hatari: umati uliobanana kabla ya ukaguzi haujakaguliwa bado. Sisi tumeanza kumweka mtu mwanzoni mwa foleni, kazi yake kuelekeza tu. Kinachomsumbua ni mashine mpya zinazoona begi pande zote. Kwenye hizo laptopu inabaki ndani, kwenye za zamani inatolewa, na sisi tunazo za aina zote mbili, njia zikiwa jirani. Abiria anamwona mwenzake hatoi, naye anagoma. Walio kwenye viwanja vyenye mchanganyiko huo, mnawatenganishaje watu kabla hawajafika kwenye trei?